Simu Iliyoonekana Sehemu Mbili

Alhamisi saa nne na nusu asubuhi msoma mita wa maji alirudi nyumbani akiwa na sare yake ya bluu na begi lake la kazi, na mama mkwe wake akajua pale pale kwamba kuna jambo. Msoma mita harudi saa nne. Hurudi saa kumi jioni, viatu vimejaa vumbi, na neno lake la kwanza huwa ni kuuliza kama bomba linatoa, swali ambalo majirani hulicheka kwa sababu wao ndio wangepaswa kumuuliza yeye.

"Ni mbwa tena?" mama mkwe aliuliza. Alikuwa ameketi mlangoni akichambua maharage.

"Si mbwa, mama. Nimesimamishwa kazi. Jumatatu natakiwa nikajieleze."

"Umegombana na mtu?"

"Sijagombana na mtu. Wamenipa barua."

Mama mkwe alitaka asomewe. Miwani yake ilikuwa ndani, na barua za ofisini, alisema, huandikwa kwa herufi za sisimizi makusudi. Mwanamke mwingine angesoma nusu na nusu akaimeza. Huyu alikaa kwenye ngazi, akavua viatu, akaisoma barua yote mpaka jina la aliyetia sahihi.

Barua ilisema kwamba kwa wiki tatu usomaji wa mita ulikuwa ukifika ofisini kutoka njia yake kama kawaida. Lakini katika siku kumi na moja kati ya hizo, simu yake ya kazi, kwa utambulisho ule ule aliousajili, ilionekana katika nyumba ya wageni iliyo karibu na maegesho ya malori, kuanzia saa mbili asubuhi mpaka saa tisa. Kampuni iliona kwamba amempa mtu mwingine namba yake ya siri ili amsomee mita, na yeye mwenyewe akawa huko. Alikuwa huko akifanya nini, barua haikusema. Haikuwa na haja. Ukishaitaja nyumba ya wageni, watu humalizia wenyewe.

Mama mkwe aliacha kuchambua. "Huko nako kuna mita?"

"Ipo moja. Si ya njia yangu. Sijawahi kukanyaga hapo, mama."

"Sijasema umekanyaga."

Ni kweli hakusema, ila aliyarudia maharage aliyokwisha kuyachambua akayachambua upya, na kwa mwanamke yule hayo yalikuwa maneno ya kutosha. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa kusikia, na akishasikia lazima naye asikike. Kabla ya saa sita alikuwa amempigia mwanawe.

*

Mwanawe, mume wa msoma mita, alikuwa fundi simu, na mtaa mzima ulimwita Bekapu. Jina hilo hakujipa, lakini alilipenda. Lilitokana na sharti lake: hagusi simu ya mtu kabla hajachukua nakala ya kila kilichomo, picha, ujumbe, majina, mpaka mlio wa kengele ya kuamkia. Mafundi wengine waliua simu wakamwambia mwenyewe kwamba ilikuja ikiwa mahututi. Simu ikimfia Bekapu mkononi, aliirudisha kama ilivyokuwa jana yake, na mwenyewe asijue kwamba palikuwa na msiba.

Kazi aliyoipenda zaidi ilikuwa kuruti, yaani kuvunja kufuli ambazo kiwanda huweka ndani ya simu ili mwenyewe asiweze kugusa mambo fulani. Simu ikisharutiwa, Bekapu huiondolea takataka zilizokuja nayo, huikuzia maandishi, huipa mandhari mapya na kuiongezea kasi. Kisha mipango hiyo yote huifunga katika faili moja la zip, na simu nyingine ya aina ile ile ikilishwa faili hilo hubadilika kwa dakika kumi. Kulisha huko ndiko alikoita kuflashi. Simu ya mkewe ilikuwa ya kwanza kupata kila kitu kizuri alichobuni. Hakuwa na maua ya kumpa mtu, alikuwa na hayo.

Alifika nyumbani saa nane, akaisoma barua mara tatu akiwa amesimama. Mkewe alikuwa anamsubiri aseme kwamba watu wa kampuni wamechanganyikiwa. Aliyasubiri maneno hayo tangu asubuhi.

"Mama watoto," Bekapu alisema, "huko ulikwenda kufanya nini?"

"Wapi?"

"Hapo palipoandikwa."

"Sikwenda."

"Namba ya siri unaweza kumpa mtu. Hilo nalijua. Lakini wameandika utambulisho wa simu. Huo haugawiki kama namba. Mimi ndiye ninayezifungua simu hizi, mama watoto. Mtu husema uongo, simu haisemi."

"Kwa hiyo mimi ndiye mtu na simu ni simu."

"Nauliza tu."

"Umeuliza, nimejibu. Sikwenda."

Bekapu alinyoosha mkono. Mkewe akampa simu. Bekapu akaketi kitandani, akachomeka waya kwenye kompyuta yake ndogo, na kwa saa nzima akaipekua simu ile kama anavyopekua simu za watu walioibiwa. Alisoma ujumbe uliopo, kisha akautoa na ule uliofutwa. Alikuta dada mtu akilalamika kichwa, mwalimu wa mtoto wao akidai daftari la hesabu, na picha mia mbili za mita za maji, kila moja na namba zake. Alikuta pia ujumbe ambao mkewe aliuandika miezi minne nyuma na hakuutuma, unaosema, "Baba watoto ukipita dukani usichukue sabuni, nimepata." Mkewe aliketi kwenye kiti cha pembeni muda wote huo akimtazama, mikono mapajani, kama mgonjwa anayesubiri majibu ya vipimo.

"Umemaliza?"

"Bado."

"Umepata?"

"Sijapata kitu."

Alisema hivyo kwa sauti ya mtu aliyekosa kitu, si ya mtu aliyefurahi, na mkewe aliisikia tofauti hiyo. Tangu siku walipooana hakuwahi kuumia namna ile. Aliondoka akaenda kuanua nguo, na jioni watoto walikula bila mtu yeyote kuwauliza habari za shule.

*

Ijumaa habari ilikuwa imetoka nje, kwa mlango ule ule ambao habari za nyumba hiyo hutokea. Msoma mita alipokwenda bombani, wanawake wawili walimpisha foleni kwa heshima ambayo hawakuwahi kumpa. Mmoja alimwambia pole. Alipouliza pole ya nini, yule mwanamke akasema ya kazi tu, mwenzangu, kazi zina mitihani.

Mama mkwe naye alimweka mwanawe kitako. Alishauri upande wa mke uitwe mapema, kabla ya Jumatatu, ili isije kuonekana kwamba walijua wakanyamaza.

"Tuwaite tuwaambie nini, mama?"

"Tuwaambie kilichoandikwa. Lisemwalo lipo."

"Subiri kwanza."

"Nasubiri. Ila usije ukasema sikukwambia."

Bekapu hakuwaita, na hakumtetea mkewe pia. Usiku ule alilala akiwa ameuelekea ukuta, na alipoulizwa kama anaumwa alisema macho yanamuuma kwa ajili ya kioo cha kompyuta.

*

Jumamosi saa nne kasoro robo, dobi wa nyumba ya wageni alifika kibandani kwa Bekapu. Alikuwa mama wa makamo mwenye mikono iliyokunjamana kwa sabuni, na simu yake alikuwa ameifunga ndani ya kitambaa kana kwamba inaona baridi. Bekapu aliikumbuka simu kabla ya kumkumbuka mwenyewe. Ilikuwa ya aina ile ile ya mkewe. Wiki nne zilizopita alimrutia na kumflashia, yeye na mzee mmoja mstaafu, wa kwanza kufaidi faili lake jipya.

"Fundi, kazi yako nzuri, sikatai," dobi alisema. "Maandishi nayaona bila kukunja uso. Lakini betri inakwisha kabla sijaanika mashuka. Na kuna kitu kingine. Kila nikiwa na bando, saa mbili asubuhi inanisalimia."

"Inakusalimiaje?"

"Inaniambia, habari za asubuhi msomaji, anza njia yako. Halafu inanitajia mtaa. Mimi nikajua ni tangazo, maana siku hizi matangazo yanakujua kuliko ndugu yako. Juzi imenikumbusha nisisahau kuvaa sare."

Bekapu aliipokea simu kwa mikono miwili. Alijua tayari.

Kosa lenyewe lilikuwa la kifundi, la mtu anayejua mengi. Mkewe aliwahi kulalamika kwamba programu ya kazi hujifunga yenyewe anapokuwa katikati ya kuandika namba, na inambidi arudi nyumba ile ile kuomba afunguliwe geti mara ya pili, huku mwenye nyumba akimtukana. Bekapu akaihamisha programu hiyo kutoka mahali zinapokaa programu za kawaida, akaiweka ndani kabisa, kwenye mfumo wenyewe, mahali ambapo simu haiwezi kuifunga ikitaka kupumua. Mkewe hakutukanwa tena getini, na Bekapu akasahau. Siku alipotengeneza lile faili la zip kwa ajili ya wateja, alichukua bekapu ya simu ya mkewe, akaifuta picha, akaifuta majina na ujumbe, akaondoa programu zote za kawaida. Alifagia sebule mpaka ikang'aa. Chumba cha ndani hakukumbuka kukifungua. Ndani yake mkewe alikuwa amekaa, na jina lake, na namba yake ya siri, na utambulisho wa simu yake, akasafiri mzima mzima hadi kwenye mfuko wa aproni ya dobi.

Kwa siku kumi na moja, siku ambazo dobi alikuwa na bando, simu ile ilikaa kwenye nyumba ya wageni ikiitangazia kampuni ya maji kwamba msoma mita yupo. Yule mzee mstaafu alinusurika kwa sababu huwasha data siku ya kuzaliwa mjukuu wake tu. Na yeye Bekapu, aliyemwambia mkewe kwamba utambulisho wa simu haugawiki, ndiye aliyekuwa mtu pekee mtaani pale anayejua kuugawa.

"Imeharibika?" dobi aliuliza.

"Hapana, dada. Ni kitu kidogo kimebaki humu. Nakitoa."

Mkono ulitaka kufuta upesi. Sharti lake likamzuia, si kwa uadilifu bali kwa mazoea, na kabla ya kugusa chochote akachukua nakala ya kila kilichokuwamo, akaihifadhi kwenye memori kadi na kuitia kadi mfukoni mwa shati. Ndipo akaiondoa programu. Dobi akaondoka na shukrani nyingi, na Bekapu akafunga kibanda saa tano asubuhi, Jumamosi, siku yenye wateja kuliko zote.

Hakwenda nyumbani. Alikaa nyuma ya kibanda juu ya ndoo iliyopinduliwa, akafanya hesabu ya mambo. Akisema, mkewe anasafika. Lakini mkataba wa mkewe unakataza simu ya kazi kuchezewa, kwa hiyo huenda akasafishwa kwa hili na kufukuzwa kwa lile. Na mtaa utasikia kwamba Bekapu, mwenye sharti lake, anachukua vilivyomo ndani ya simu ya mtu na kumtilia mwingine. Nani atamletea simu yenye picha za harusi yake? Asiposema, labda Jumatatu watampa onyo tu. Labda. Alijidanganya hivyo mpaka jua likamfikia pale alipokaa, na alijua kwamba anajidanganya.

*

Jumapili baada ya chai msoma mita alitandika shuka juu ya meza akaanza kupiga pasi sare zake mbili. Barua ilisema aje nazo, zikiwa safi, pamoja na kitambulisho na begi. Alikuwa amezifua tangu jana mchana. Kwenye kola ya moja palikuwa na doa la kutu lililotokana na bomba la mtu, akawa analisugua kwa limau.

"Kwani unahangaika nalo la nini," mama mkwe alisema kutoka mlangoni, "na nguo si zako tena."

"Sitaki waseme nilikuwa mchafu pia."

Bekapu alikuwa anafunga kamba za viatu. Alizifunga, akazifungua, akazifunga tena. Lile neno "pia" lilimchoma kuliko kilio, maana lilionyesha kwamba mkewe ameshazoea kuhesabu anayosemwa. Akapiga moyo konde.

"Mama watoto. Zima pasi."

"Bado kola."

"Izime. Si wewe. Ni mimi."

Akamweleza. Alijieleza vibaya, akarukia mambo ya mfumo na faili, akarudi nyuma, akamtaja dobi, akatoa memori kadi mfukoni akaiweka juu ya sare. Mama mkwe hakuelewa hata nusu, lakini alielewa kwamba mwanawe anaomba radhi, na akainuka akaingia ndani kimya kimya, jambo ambalo halikuwa desturi yake.

Mkewe alisikiliza mpaka mwisho. "Umejua lini?"

"Jana."

"Jana saa ngapi?"

"Saa nne."

"Saa nne ya asubuhi."

"Ndiyo."

"Kwa hiyo jana mchana nilipokuwa nafua hizi, ulikuwa unajua. Na jioni mama aliposema tena wazee waitwe, ulikuwa unajua. Ukala, ukalala."

"Sikulala."

"Nilikusikia unakoroma, baba watoto."

Mwiba wa kujidunga hauambiwi pole, na Bekapu hakuitarajia. Alitarajia mkewe apige kelele au alie. Badala yake alichukua pasi, akaimalizia ile kola, akakunja sare, akaiweka kadi juu yake kama kifungo.

"Twende kwa huyo dobi," alisema. "Kesho namtaka na simu yake pale ofisini. Na wewe ndiye utakayemwambia kwa nini."

*

Walimkuta dobi nyuma ya nyumba ya wageni, katikati ya mashuka meupe. Msoma mita alitazama huku na huku. Ndiyo mara yake ya kwanza kufika mahali aliposhtakiwa kuzoea, na hakuona chochote isipokuwa karo tatu za kufulia na kamba za kuanikia.

Bekapu alieleza, safari hii kwa ufupi. Dobi alimsikiliza huku akikamua shuka, akalitikisa, akalitundika.

"Kwa hiyo vya mkeo vilikuwa kwangu," alisema.

"Ndiyo, dada."

"Na vyangu viko kwa nani?"

"Havipo kwa mtu. Vyako nilichukua bekapu tu, kwa usalama."

"Iko wapi hiyo bekapu?"

"Kwenye kompyuta yangu."

"Tangu lini?"

"Tangu siku ya kwanza."

"Mna picha ya mwanangu akiwa hospitali humo. Hata baba yake sijamwonyesha." Dobi hakupandisha sauti. "Nilikuletea maandishi uyakuze. Sikukuletea hayo mengine."

Fundi alisema ataifuta. Kwa miaka minane alikuwa akiita jambo hilo sharti lake, akijivunia, na hakuna mteja aliyewahi kumuuliza nakala huenda wapi simu ikisharudi kwa mwenyewe. Kwenye kompyuta yake zilikuwamo mia nne na kitu. Hakuwahi kuzifikiria kuwa ni watu.

Dobi alimgeukia msoma mita. "Kesho nitaomba ruhusa mpaka saa tano. Wakinikata posho ya siku, shauri lao. Lakini nakuja kwa ajili yako, si yake."

*

Ofisi ya kanda ilikuwa chumba chenye feni moja na viti vitatu vya wageni. Msimamizi alikuwa kijana kuliko wote watatu, mpole, mwenye tabia ya kusema "naomba" kabla ya kila jambo chungu. Aliomba sare, akapewa. Aliomba kitambulisho, akapewa. Alipotaka kuomba maelezo, Bekapu akasema yeye ndiye atakayeanza.

Ilichukua saa nzima. Msimamizi alimwita mtu wa kompyuta wa ofisi, naye akaichomeka memori kadi, akaitazama simu ya dobi, akalinganisha tarehe na siku ambazo dobi alikuwa na bando. Siku kumi na moja zililingana zote. Mtu wa kompyuta alimtazama Bekapu kwa macho ya mtu aliyekutana na mwenzake mahali pabaya.

"Umeihamishia kwenye mfumo ili isijifunge," alisema. "Na sisi tumelalamikiwa na wasomaji wote kuhusu kujifunga huko mwaka mzima."

"Naomba tusiende huko," msimamizi alisema.

Dobi alisema maneno machache: kwamba hajawahi kumwona mama huyu pale, na kwamba yeye yupo pale kila siku kwa sababu mashuka hayajui sikukuu. Akaaga akarudi kwenye karo zake. Bekapu alimfungulia mlango. Dobi hakumwangalia.

Msimamizi alikuna kidevu. Alisema shauri la nyumba ya wageni amelifuta. Lililobaki ni la simu kuchezewa, na kwa hilo mama atapata onyo la maandishi, na kuanzia leo atatumia simu ya kampuni ambayo, naomba, haitapelekwa kwa fundi yeyote, hata awe nani wake. Na mzee hapa aandike maelezo yake kwa mkono, yote, yatiwe kwenye faili la mama, ili mkaguzi akija siku nyingine asianze upya.

Akampa karatasi na kalamu. Bekapu aliandika taratibu, kwa mwandiko wa mtu anayeandika zaidi kwa vidole viwili juu ya kioo. Alitaja tarehe ya kuruti, tarehe ya kutengeneza faili, simu mbili alizozilisha. Aliandika kwamba mkewe hakujua lolote. Aliandika kwamba ameshazifuta nakala zote za wateja kwenye kompyuta yake, jambo alilolifanya jana jioni, na ambalo asubuhi hii lilikuwa limeshafika mtaani kupitia mlango ule ule, kwa hiyo watu wawili walikuwa wamekwisha kuzichukua simu zao kibandani bila kutengenezwa. Mwishoni aliona nafasi imebaki, akaongeza mstari mmoja.

Msimamizi alinyoosha mkono kuichukua karatasi. Msoma mita akawahi.

"Inaingia kwenye faili langu," alisema. "Niisome kwanza."

Aliisoma akifuata maneno kwa kidole, kama anavyosoma namba za mita ili asiruke tarakimu. Kidole kilifika mstari wa mwisho kikasimama. Palikuwa pameandikwa: Katika muda wote huo sikumshuku mke wangu hata siku moja.

"Huu utoe," alisema.

"Nimeuweka kwa ajili yako," Bekapu alisema kwa sauti ya chini. "Wakusome vizuri."

"Mimi sijachafuka, baba watoto. Huu ni wa kukusafisha wewe."

Msimamizi alitazama feni. Alisema kwa upole kwamba, naomba, mstari huo hauna uzito katika shauri, unaweza kubaki au kutoka, ila maelezo yenye maneno yaliyokatwa hayapokelewi, itabidi yaandikwe upya.

"Ataandika upya," msoma mita alisema. "Na asiuache tu hapo patupu. Aandike ilivyokuwa."

Bekapu alipokea karatasi ya pili. Alinakili maelezo yote kama yalivyokuwa katika ya kwanza, neno kwa neno, na kwa kunakili hakuwa na shida. Alipofika mwisho kalamu ilisimama muda mrefu. Msimamizi akajifanya kutafuta kitu kwenye droo, na mkewe hakujifanya kutafuta kitu. Hatimaye akaandika: Mke wangu aliniambia hakwenda huko. Sikumwamini. Akatia sahihi.

Msoma mita aliisoma, akaisukuma mbele ya msimamizi, akauliza kama njia yake anaweza kuianza leo au mpaka kesho.